Mkono Unaokandwa Tu Haujifunzi

Mgonjwa wa kiharusi akisharuhusiwa kutoka hospitali, ndugu huanza kuulizana nani atakuwa anakuja kumfanyia mazoezi. Wanauliza kwa nia njema kabisa, lakini kwa maoni yangu tatizo linaanzia hapo hapo. Mazoezi ya kiharusi mtu hafanyiwi. Anayafanya mwenyewe, hata kama kwa wiki kadhaa kinachoonekana ni kidole kinachotikisika kidogo tu.

Nimemuuguza mjomba wangu baada ya kiharusi, na tangu hapo nimewatembelea wagonjwa wengi wa aina yake. Mara nyingi nakuta mgonjwa ameegemezwa kwenye mito, mtu mmoja anamkanda mkono uliopooza, mwingine anaunyanyua na kuushusha, na mwenye mkono anatazama pembeni kana kwamba wanashughulikia mkono wa mtu mwingine. Sina ugomvi na kukanda. Kunaliwaza, na kunyoosha viungo taratibu husaidia visikakamae. Ila ukiniuliza kama ndiyo tiba itakayomrudishia mtu uwezo wa kushika kikombe, nitakwambia hapana.

Sababu ni kwamba ugonjwa hauko mkononi. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo, baada ya mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Seli zilizokufa hazifufuki, lakini zile za jirani zinaweza kuchukua baadhi ya kazi zake, mradi ziitwe kazini tena na tena. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake nchini Marekani walionyesha jambo hili kwa tumbili waliopata jeraha dogo kwenye eneo la ubongo linaloendesha mkono. Tumbili waliofundishwa upya kuutumia mkono ule kwa kazi ya ustadi hawakupoteza eneo lililosalia la kuuendesha, na kwa baadhi yao lilipanuka. Wale ambao hawakufundishwa waliendelea kupoteza hata sehemu ambayo jeraha halikuigusa. Mimi jambo hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba kukaa bure nako kuna gharama.

Kuna mtego mwingine ambao Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, aliueleza. Mgonjwa anajaribu mkono dhaifu, unashindwa. Anatumia ule mzima, unafaulu. Baada ya muda anaacha kabisa kuujaribu ule dhaifu, hata pale ambapo nguvu zimeanza kurudi. Kutokana na wazo hilo ukafanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wenye washiriki 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma. Wale waliopewa tiba inayotokana na wazo hilo walivalishwa glovu nene kwenye mkono mzima kwa karibu muda wote waliokuwa macho, kwa wiki 2, huku wakifanyishwa kazi kwa saa nyingi kwa mkono dhaifu. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilikuwepo bado mwaka mmoja baadaye. Njia hii inahitaji kifundo cha mkono na vidole viwe na mjongeo kiasi. Kwa mkono uliolegea kabisa haifai, wala hakuna sababu ya kumlazimisha mtu.

Sasa tuzungumzie kipimo, yaani kiasi cha mazoezi. Mtafiti wa Marekani Catherine Lang na wenzake walichapisha mwaka 2009 hesabu ya kile kinachofanyika hasa katika vipindi vya tiba ya viungo, wakakuta kwamba pale mkono ulipofanyishwa mazoezi ya kazi za kila siku, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara waliotufundisha kwamba ubongo hubadilika walikuwa wakirudia tendo mara mia kadhaa kwa siku. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2013 ulitaka angalau dakika 45 kwa siku za kila aina ya tiba ambayo mgonjwa anaihitaji. Ule wa mwaka 2023 unataka angalau saa 3 kwa siku za ukarabati, yaani tiba za kumrudishia mgonjwa uwezo, siku 5 za wiki. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayekuja mara mbili kwa wiki, hata awe hodari namna gani, hawezi kufikisha kiasi hicho peke yake.

Ndiyo maana nakasirika nikisoma karatasi ya kuruhusiwa. Vidonge vya presha vimeandikwa jina, miligramu, na saa ya kumeza. Chini yake: "Aendelee na mazoezi." Yapi? Mara ngapi? Kwa muda gani? Aache akiona nini? Daktari akiandika "aendelee na dawa" akaishia hapo, tutasema amekosea kazi. Naamini mazoezi ni dawa kamili ya ugonjwa huu na yanastahili kuandikwa kama dawa: kusimama kutoka kwenye kiti mara kadhaa, awamu kadhaa kwa siku, kuongeza pale itakapokuwa rahisi, kupumzika na kumpigia mtaalamu akipata kizunguzungu. Maumivu ya kifua, udhaifu mpya, mdomo kwenda upande au maneno kupotea si jambo la kupumzikia; hapo mtu anakimbizwa hospitali.

Nimetaja kusimama kutoka kwenye kiti kwa makusudi, kwani kwangu ndilo zoezi lenye manufaa kuliko yote ya nyumbani. Kiti kiwe imara, kisiwe cha chini sana, kiegemee ukuta. Miguu irudishwe nyuma kidogo ya magoti, na ule dhaifu usiachwe mbele, la sivyo mguu mzima utafanya kazi yote. Kisha mgonjwa ainame mbele mpaka pua ivuke magoti, ndipo asukume. Kuinama huko wengi wanakuogopa. Mjomba alikuwa akijivuta nyuma, akishaanza kuinuka anarudi kitini kwa kishindo. Alipokubali kuinama, alisimama. Tukawa hatumletei tena maji pale alipoketi. Tulikuwa tunayaweka mezani, hatua chache mbele yake, mmoja wetu akisimama upande wake dhaifu.

Na anayesimama pale asivute mkono! Misuli ya bega la upande uliopooza imelegea, haiwezi kulishikilia vizuri. Ukimnyanyua mtu kwa kumvuta mkono au kwa kumshika kwapani unaweza kulitegua kidogo kidogo, na maumivu yake yatamzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Mshike kiunoni.

Kuna utafiti mmoja ambao siwezi kuuruka. Ulifanyika India, watu 1,250 katika hospitali 14, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Familia zilifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, lakini baada ya miezi 6 wagonjwa wao hawakuwa na hali bora kuliko wa familia ambazo hazikufundishwa. Mimi naelewa kwamba kuipa familia mafunzo mafupi halafu mfumo ukanawa mikono hakutoshi. Anahitajika mtaalamu anayerudi, anayepima, anayebadilisha zoezi likishakuwa jepesi. Wala mtaalamu huyo hahitaji mashine kubwa: utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 408, ulilinganisha kutembea kwenye mashine huku mwili umebebwa na mikanda na mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili yaliyofanywa nyumbani chini ya mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja makundi yalikuwa sawa kwa kutembea.

Pupa nayo ina madhara. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulionyesha kwamba kuwasimamisha na kuwatembeza sana ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wa matokeo mazuri. Siku za mwanzo ni za vipindi vifupi, na waamuzi ni wauguzi na madaktari.

Kuhusu kauli ambayo wagonjwa huambiwa, kwamba baada ya miezi 6 uwezo uliorudi ndio huo huo: ni kweli nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Lakini katika ule utafiti wa glovu, kundi lililosubirishwa mwaka mzima ndipo likapewa mafunzo nalo liliendelea mbele. Anayemwambia mgonjwa mlango umefungwa anamnyima kitu ambacho bado anaweza kukipata.

Wapo wanaokataa mazoezi. Karibu theluthi moja ya walionusurika kiharusi hupata sonona, na wengi huandamwa na uchovu usioisha kwa usingizi. Nimesikia wakiitwa wavivu, wakasikia wenyewe, wakageukia ukutani. Mgonjwa aliyegoma wiki nzima apelekwe kwa daktari aulizwe kuhusu huzuni, usingizi na hamu ya kula, na mazoezi yake yahamishiwe saa anayokuwa na nguvu, ambayo kwa wengi ni asubuhi.