Nagonga Hodi Nitoke

Jamani, niliambiwa mchezo wenyewe unachezwa mmelala chini. Mimi nilisikia hapo tu, mengine yote yakapita. Daktari alikuwa ameshasema presha imepanda na kitambi kipungue, na kukimbia barabarani alfajiri siwezi, mbwa wa Tabata wananijua. Ndipo kijana mmoja tunayefanya naye kazi stoo pale Gerezani akaniambia, "Mzee, njoo kwetu kwenye jujitsu ya Kibrazili. Hakuna ngumi, hakuna mateke, mnalala tu kwenye mati." Mnalala! Nina miaka 44. Kama kuna mchezo duniani nimeufanyia mazoezi tangu utotoni, ni huo.

Sasa nataka kulalamika na sina wa kumlalamikia. Wangekuwa watu wabaya ningeshaacha siku nyingi. Tabu yao ni wema.

Siku ya kwanza nimefika mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine bado uko kwenye bajaji, nimepanga kuchungulia tu nigeuze. Watu kama 12 wakanyanyuka, wakajipanga mstari kunipa mkono mmoja mmoja. "Karibu sana." "Karibu mzee, jisikie uko nyumbani." Nyumbani kwangu sijawahi kupokewa hivyo hata siku ya mshahara! Mmoja akanivalisha gi yake ya akiba, lile joho zito la pamba, mwingine akanifunga mkanda kwa sababu mimi nilikuwa nimeufunga kama kamba ya gunia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa baada ya dakika kumi.

Kwanza ukaguzi wa kucha. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimenyoosha vidole kama niko darasa la pili. Kisha kupasha misuli. Unalala ubavu, unasukuma makalio nyuma, unajikunja, unanyooka, unageukia upande wa pili, mpaka ukute ukuta. Wanaita kwenda kama kamba. Nikauliza, kamba gani? Kumbe yule wa baharini. Nimewaona kamba wakijikunja hivyo pale Feri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwisho mzuri.

Halafu Kocha akanichagulia mwenza wa kuanza naye taratibu. Binti wa chuo, mkanda wa bluu, kilo hamsini na kitu, ukimpima na begi lake. Akaja kwa adabu zote, akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Marahaba yenyewe haijafika mwisho, niko chali. Wazee wanasema shikamoo ilianza kama "nashika miguu yako". Basi yule mtoto hasalimii kwa mdomo tu. Alishika miguu yote miwili kwa vitendo, akanilaza, akapanda juu ya kifua, akaingiza vidole ndani ya ukosi wa gi yangu mwenyewe, akavuta. Unajua kukabwa na nguo yako? Ni kama kuumwa na mbwa uliyemlisha. Juu kuna feni ya darini, inazunguka inalia kwii, kwii. Ukosi ukikaza ile feni unaanza kuisikia kwa mbali, kama iko Kibaha.

Nilikuwa nimeelekezwa kwamba ukizidiwa unagonga mati mara mbili, au unamgonga mwenzako, anakuachia palepale. Na kweli, waliniachia kila mara. Lakini hebu nieleze: kwetu mtu anagonga hodi ili aingie. Hapa nakaribishwa kwa furaha, halafu nagonga hodi kwa kiganja niruhusiwe kutoka. Jioni ile niligonga mara tisa. Na kila nikigonga, yule binti, "Pole baba. Umeumia? Maji yako wapi?" Kisha ananipa mkono, ananishukuru. Ananishukuru kwa lipi? Shingo ilikuwa yangu.

Na haya yote nalipia kila mwezi. Nimefanya kazi Kariakoo miaka 17, nawajua vibaka. Roba ya mbao pale unapigwa bure, na hakuna anayekukumbusha tarehe ya ada.

Kocha naye ni mtu wa hadithi. Sisi tumelala tumetawanyika kama mahindi yaliyoanikwa, yeye anasimulia. Eti alikuwepo Mjapani, Mitsuyo Maeda, fundi wa judo. Mwaka 1914 akafika Brazil, mwishowe akaweka makazi Belém, na huko ndiko akina Gracie walikopata elimu hii. Mmoja wao, Hélio, alikuwa na mwili mdogo, hivyo akakazania ufundi na mizania badala ya misuli. Mimi nimelala pale nawaza: bwana Maeda, meli zote zile, bahari yote ile, ulikosa nini kwenu?

Kuna na kishiko kimoja cha bega kinaitwa kimura. Nilidhani ni jina la chakula. Kumbe mwaka 1951 Hélio alipambana Rio de Janeiro na Mjapani mwingine, Masahiko Kimura. Mjapani akamkunja mkono, Hélio akagoma kugonga, mkono ukavunjika, na pambano likaishia hapo. Wabrazili wakafanya nini? Wakakipa kile kishiko jina lake kwa heshima! Huku ukimvunja mtu mkono, ndugu zake wanapita polisi kuchukua PF3, na jina lako likiandikwa mahali ni kwenye kitabu cha mapokezi cha kituo. Mwaka 1993 ndiyo dunia nzima ikashtuka, mtoto wa Hélio, Royce, alipowaangusha majitu kwenye UFC ya kwanza, yale mashindano ya kupigana kwa mitindo yote, kule Marekani. Kocha akifika hapo macho yanamlowa. Yangu nayo yalikuwa yamelowa, ila mimi nilikuwa na goti la mtu tumboni.

Nikauliza ule mkanda mweusi unachukua muda gani. "Miaka 10 hivi, mzee, ukikaza." Mweupe, bluu, zambarau, kahawia, ndiyo mweusi. Nikapiga hesabu za stoo: nitaufunga nina miaka 54, umebaki mwaka mmoja nistaafu kwa hiari.

Tuache hayo, njoo kwenye kufua. Hakuna aliyeniambia kuhusu kufua. Gi ikilowa inakuwa mtu. Kuikamua kunahitaji watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, mnazungusha kinyume kama mnagombana. Masika iliyopita haikukauka siku tatu, ikaanza harufu ya mchele uliolala. Siku ya nne kamba ya kuanikia ikakatika, gi ikaangukia sufuria la jirani la mandazi. Jirani mwenyewe siku zote alikuwa anaiangalia pale uani na kunipongeza. Alidhani nimepata kazi ya upishi hotelini.

Basi nikaamua kuacha. Mwanamume hatoi sababu, anazima simu. Wiki ya kwanza wakaandika kwenye kundi: "Mzee tumekukosa." Nikajibu goti. Wiki ya pili, Jumapili mchana, nasikia hodi, ile hodi ya kawaida ya mlangoni. Watatu! Kocha, yule kijana wa stoo, na yule binti, wamebeba mfuko wa machungwa kuja kumwona mgonjwa. Na mgonjwa yuko juu ya ngazi anabadilisha taa. Nilishuka nachechemea ghafla, lakini nilisahau nilisema goti la upande gani.

Mama Salma aliwapakulia pilau. Binti akapiga goti, "Shikamoo mama," akala, akatoa vyombo, akaviosha. Tangu siku hiyo Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni gi iko mlangoni imekunjwa. "Nenda. Watoto wana adabu wale, usiwaangushe." Mwanangu, adabu! Nikamwonyesha alama shingoni. Akasema itakuwa kola ya shati.

Niseme ukweli mmoja mdogo. Mwezi uliopita yule binti alinikalia kifuani kama kawaida, nikanasa mkono wake, nikafunga mguu wake, nikainua kiuno kama tulivyofundishwa, na akaenda. Alipinduka! Nikawa juu. Ukumbi mzima ukapiga kelele kama Simba wamefunga dakika ya 90. Mimi nikabaki pale juu sijui kinachofuata, maana sikuwahi kufika. Sekunde nne baadaye nilikuwa nagonga.

Lakini Kocha aliona. Alhamisi hii akaniita mbele ya watu. Mkanda wetu ni mweupe, ila karibu na mwisho una kipande cheusi, na kwenye kile cheusi akanizungushia utepe mweupe mwembamba. Mstari wa kwanza. Miezi 8! Ukipata minne ndipo bluu inaanza kunukia. Kwenye daladala niliupakata mkanda, ncha yenye utepe nimeiacha nje makusudi. Hakuna aliyeuliza. Konda akasema, "Mzee, sogeza furushi, watu wakae."

Nyumbani niliutundika kwenye msumari wa mlango wa chumba, mahali ambapo lazima mtu aulize. Mama Salma akapita mara tatu. Kimya. Nikalala nimejigeuzia ukutani.

Asubuhi nipo kwenye chai, akaingia anajifuta mikono.

"Baba Salma, ule mkanda wako nimeuloweka, ulikuwa unatisha."

"Umeuloweka?"

"Na ile plasta mtu aliyoibandika pale mwishoni nimeibandua, nimeitupa. Sijui nani kwenu alijikata kidole."