Mjomba, Bamvua na Gari la Kukodi

Lindisfarne ni kisiwa kwa saa kadhaa tu, kisha si kisiwa tena. Kiko Northumberland, kaunti ya kaskazini kabisa ya Uingereza. Ukiipita hiyo umeshaingia Scotland. Maji yakipwa, inaibuka barabara ya lami ya kama maili tatu na unakwenda zako kwa gari. Yakijaa, barabara ile ile inakuwa ya samaki. Mtu wa pwani ukimweleza hivyo anatikisa kichwa, ameshaelewa. Mjomba wangu naye alitikisa kichwa. Angeuliza swali moja tu, tungerudi na gari.

Mjomba ni nahodha wa Lamu, wa jahazi na baadaye wa mashua ya injini. Alikuja na mkaza mjomba kumtembelea mtoto wao, binamu yangu anayeishi London, na binamu akawaleta kwangu Newcastle kwa gari la kukodi. Gari lilikuwa jipya, viti bado vina nailoni. Mimi ndiye niliyepanga matembezi, kwa hiyo jedwali la kuvukia lilikuwa mkononi mwangu.

Jedwali hilo hutolewa na halmashauri ya kaunti, na linapatikana kwenye mtandao na kwenye mabango ya pande zote mbili za barabara. Jambo la kujua ni kwamba halikwambii maji yanajaa saa ngapi. Linakwambia tu kuvuka ni salama kuanzia saa fulani hadi saa fulani, mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Nazo zimepigiwa hesabu ya siku tulivu. Upepo mkali ukivuma au hewa ikiwa na kanieneo dogo, maji huja mapema kuliko yalivyoandikwa. Siku yetu ilisema: mwisho saa saba na nusu mchana, kisha hakuna njia mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni. Niliiandika kwa kalamu nene nikaibandika mbele ya dereva.

"Mwezi una siku ngapi?" Mjomba akauliza.

"Kumi na tano, Mjomba."

"Bamvua," akasema, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Kisha akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akazibia tundu la kiyoyozi lililokuwa likimpuliza baridi magotini.

Kutoka Newcastle unafuata barabara ya A1 kuelekea kaskazini kwa zaidi ya saa moja, unakata kulia kwenye kijiji cha Beal, unavuka reli (ngojea geti, treni za kwenda Edinburgh hupita kwa kasi pale), na ukiteremka kidogo unaikuta bahari. Au unaukuta mchanga, inategemea. Asiye na gari kuna basi kutoka Berwick, na ratiba yake nayo hufuata maji, kwa hiyo usije ukakariri ya jana. Pale barabara inapoingia mchangani kuna bango lenye picha ya gari lililozama mpaka madirishani, na maneno yanayosema kwamba huyu anaweza kuwa wewe. Mjomba alisimamisha safari ili apigwe picha mbele yake. Alisimama wima, mkono kiunoni, kofia yake ya vito imekaa sawasawa. Picha ilitoka vizuri sana.

Tulivuka asubuhi pakavu, tukaegesha kwenye uwanja wa magari mwanzoni mwa kijiji. Magofu ya nyumba ya watawa niliyaeleza mwenyewe: kwamba mtawa Aidan alikuja kutoka Iona, kisiwa cha Scotland, mwaka 635 akaanzisha makao yake hapa, na kwamba mwaka 793 wakaja Vikings, maharamia wa Skandinavia, kwa mashua ndefu, wakaua na kupora.

"Walikuja na maji au walingoja yapwe?" Mjomba akauliza.

"Walikuja na mashua, Mjomba. Nadhani walikuja na maji."

"Ahaa. Hao walikuwa mabaharia."

Ngome tuliipanda haraka. Ni boma la karne ya 16 ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 msanifu Edwin Lutyens aliligeuza nyumba ya tajiri mmoja wa London. Kijijini kuna duka linalouza kinywaji cha asali, na wageni huonjeshwa kwenye vikombe vidogo. Mkaza mjomba alisikia asali, akachukua kikombe, akasema bismillahi, na nikamwahi kikiwa kimefika kidevuni. Asali hiyo imechachushwa, ni pombe kamili. Alikirudisha mezani kwa ncha za vidole viwili na hakuzungumza na muuzaji tena.

Kilichotuponza hasa ni mashua za bandarini. Watu wa Lindisfarne huchukua mashua kuukuu za kuvulia samaki wa herring, wakazipindua, wakazitia lami na kuzifungia mlango upande mmoja, zikawa vibanda vya nyavu na zana. Wageni wengi huzipiga picha moja wakaenda zao. Mjomba alizizunguka kama daktari anayezunguka wodi. Alipapasa mbao akagundua kwamba kila ubao umeupanda mwenzake ukingoni, si kama kwetu ambako mbao hukutana uso kwa uso na mwanya ukatiwa kalafati ya pamba na mafuta. Hilo alitaka kulieleza kwa mtu. Palikuwa na mzee mmoja anatengeneza mitego ya kamba mti, na Mjomba akamtolea salamu. Mimi nikawa mkalimani.

Sikujua Kiingereza cha kalafati wala cha sifa, yale mafuta ya papa, na mzee yule kwa lafudhi yake ya kule sidhani hata watu wa London wangemwelewa. Haikuwazuia. Walipimana mbao kwa shibiri, wakachorana mikuku, uti wa mgongo wa chombo, mchangani, wakaonyeshana makovu ya kamba viganjani. Saa saba ilifika. Nikasema, "Mjomba, tuondoke." Saa saba na robo nikasema tena. Saa saba na nusu nikasema kwa mara ya tatu, na mtu aliyelelewa vizuri haendi mara ya nne kwa mjomba wake mbele ya mgeni. Mzee mwenyewe alitazama saa yake, akatazama bahari, akauliza kama tunalala kisiwani. Nilimtafsiria Mjomba.

"Mwambie maji ndiyo kwanza yanaingia," Mjomba akasema. "Mambo yanaanza kuwa mazuri."

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yake, na nikahisi tumbo limeshuka. Ukitoka Lamu kwenda Pate unapita mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, mfereji mwembamba wa mikoko usiopitika maji yakiwa yamepwa. Maisha yake yote Mjomba amengoja maji yajae ndipo apite. Mwili wake ukiona maji yanapanda, unasikia njia inafunguka. Nilijaribu kumweleza kwamba sisi hatuna mashua, tuna gari. Akanijibu, "Mwanangu, chombo ni chombo," akapanda mbele na kumwambia binamu awashe. Binamu alinitazama kwenye kioo. Nilimwambia wazi kwamba njia imefungwa na tungoje jioni. Akasema, "Baba keshasema," akawasha. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Barabara ile ina ujanja wake. Ukitoka kijijini unaambaa kwanza kando ya vichuguu vya mchanga vya kisiwa, na huko maji hayafiki haraka. Unakwenda mwendo mrefu pakavu, unaanza kuona jedwali ni la waoga. Mjomba aligeuka kila baada ya muda kunitazama. Kisha barabara inaachana na kisiwa, inakatisha uwanda wenyewe, na karibu na bara kuna bonde lenye daraja dogo juu ya mkondo. Pale ndipo chini kuliko kote, kwa hiyo ndipo panapozama kwanza. Unayatambua maji ukiwa umeshamaliza sehemu kubwa ya safari, na bara unaiona kabisa, ng'ombe wake wanakutazama.

Binamu akafunga breki. Mbele yetu lami iliingia majini na kutokea ng'ambo.

"Nipime," Mjomba akasema. Akakunja kikoi, akachukua mkongojo, akaingia. Maji yalimfika kifundoni. Akapiga hatua kumi, akachomeka mkongojo, akasimama kusoma mkondo.

Sasa, mabaharia wote wanaijua kanuni hii, na Mjomba ndiye aliyenifundisha: gawa ujazo wote mafungu 12. Saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Siku ya bamvua pale tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita nne, kwa hiyo katika saa za kati maji hupanda mita nzima kwa saa. Barabara inazama katikati ya ujazo, yaani wakati ule ule maji yanapokimbia kuliko wakati wowote. Kila Mjomba alipomaliza kupima, kipimo chake kilikuwa kimeshapitwa. Alirudi akiwa amelowa juu ya magoti, akatangaza, "Kifundoni. Tunapita."

Binamu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakumtii baba yake. Akatia gea ya nyuma. Lakini nyuma nako maji yalishatandaza juu ya lami, ukingo hauonekani, na gurudumu moja likatoka nje. Mchanga wa pale ukishalowa hauna urafiki. Aliposukuma mafuta, gurudumu lilijichimbia kaburi. Na maji ya sentimita 30 yanatosha kulinyanyua gari dogo, kwa hiyo huko kukaa ndani mkisubiri miujiza si shauri. Nikasema tushuke wote, sasa hivi, twende kwenye kibanda.

Kando ya daraja pana chumba cha mbao cheupe juu ya nguzo ndefu, kina ngazi, kimewekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Tulikwenda tumeshikana mikono. Binamu alisahau pasipoti za wazazi wake kwenye droo ya gari. Mkaza mjomba hakusahau hotpoti ya pilau. Aliipandisha ngazi kichwani, buibui limefungwa kiunoni, na hakutikisika.

Huko juu ukipata mtandao unapiga 999 na kuomba walinzi wa pwani, si polisi. Wanataka kujua mko wangapi, kama kuna mgonjwa au mtoto, na kama wote mko kibandani. Wakishajua hivyo wanakwambia msishuke kwa sababu yoyote. Nilitafsiri amri hiyo nikimtazama mtu mmoja tu.

Kisha tukala pilau na kutazama gari. Maji ya chumvi yakiingia kwenye nyaya, umeme hupita popote unapopenda. Kwanza taa za pembeni zikaanza kukonyeza, kushoto, kulia, zote. Waipa zikaamka zikapanguza kioo kikavu kwa bidii. Kioo cha nyuma kikateremka chenyewe taratibu, honi ikalia mlio mmoja mrefu ukakatika, na mwisho buti likafunguka, viatu vya binamu vikatoka vikifuatana.

"Linaelea vizuri," Mjomba akasema baada ya muda. "Ila limetiwa uzito nyuma."

Mkaza mjomba alimwongezea pilau bila kumtazama. "Kula, nahodha," akasema. Hakuna neno jingine alilomwambia mpaka jioni.

Mashua ya uokoaji ilikuja kutoka Seahouses. Ni watu wa kujitolea, wanaacha kazi zao wakiitwa, na hawakutozi hata senti. Wakatuvisha majaketi ya kuelea. Mjomba alikataa kushuka kabla ya wengine, kwa kuwa nahodha hutoka wa mwisho. Walijaribu kumweleza kwamba hiki ni kibanda. Hotpoti ilitangulia, akafuata mkaza mjomba, nikafuata mimi, kisha binamu. Mjomba akateremka polepole, akabonyeza ubavu wa mpira wa ile mashua kwa kidole gumba, akakagua injini, akaniambia niwaambie kwamba imetunzwa. Niliwaambia. Walifurahi kweli.

Gari lilivutwa na trekta njia ilipofunguka, saa kumi na mbili na nusu kama jedwali lilivyosema. Mlango ulipofunguliwa maji yalitoka pamoja na mwani, na kwenye kishikio cha vikombe alikuwamo kaa mdogo aliyeinua magando kwa kila aliyemkaribia. Pasipoti zililowa lakini zinasomeka. Karatasi yangu ilikuwa bado imeziba tundu la kiyoyozi.

Binamu sasa anaandikiana na kampuni ya bima, ambayo imemletea fomu ya kurasa nyingi. Kuna swali linalouliza kama barabarani palikuwa na alama yoyote ya onyo, na kama palikuwa nayo, je, dereva au abiria waliiona. Binamu anaendelea kutafakari namna ya kulijibu. Huku nyuma Mjomba amesharudi Lamu, na ile picha aliyopigwa mbele ya bango, mkono kiunoni, ameiweka kuwa profaili yake ya WhatsApp.