Wazungu Nao Waliiba Mawe

Ndugu zangu wa Unguja, hii kauli ya "Wazungu wanajua kutunza" naomba tuiweke pembeni. Nimehamia Bury St Edmunds, mji wa soko wa Suffolk, mashariki ya Uingereza, na kila nikituma picha mnaisema. Lakini magofu mnayoyasifia hayakuangushwa na mvua. Waliyavunja wenyewe.

Hapo palikuwa na abasia ya watawa Wabenediktini, iliyopata jina kwa kuhifadhi mwili wa Edmund, mfalme aliyeuawa na Wavikingi mwaka 869. Mahujaji walimiminika, watawa wakatajirika, wakawa mabwana wa mji mzima, soko likiwemo. Mwaka 1327 wenyeji wakachoka, wakaivamia, wakapora na kuchoma. Lile lango ambalo kila mgeni analipiga picha lilijengwa baada ya fujo hizo, na ukilisogelea utaona matundu membamba ya kufyatulia mishale. Uzuri wote ule ni woga wa watawa.

Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII wa Uingereza akaifunga abasia, na watu wakaanza kubeba. Mawe yaliyochongwa yakaenda kujengea majumba mjini. Kilichobaki ni tumbo la ukuta, gumegume na chokaa, limesimama bustanini kama ng'ombe aliyechunwa. Upande wa magharibi walijenga nyumba ndani ya magofu yenyewe, na hadi leo zinakaliwa: dirisha lina pazia jeupe na chungu cha maua, na kuta za kanisa zimelizunguka.

Utunzaji ulikuja baadaye sana, tena kwa sheria na pesa. Nyumba ikishaingia kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, kubadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai. Gharama ni ya mwenyewe, na wananung'unika kweli kweli.

Sheria hata sisi tunazo. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu miaka ya themanini, na UNESCO ilituingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Tatizo letu ni paa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, zikapangishwa familia tatu, nne humo humo. Nani apande kuziba? Wa juu anasema nyumba ya serikali, wa chini hakuvujii. Maji yanashuka ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Kisha anakuja fundi na plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, nje panang'aa. Fundi wa huku anayezijua nyumba za gumegume hakupakii saruji hata umlipe mara mbili. Atakupakia chokaa, ile ile waliyotumia babu zetu. Desemba 2020 Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka na kuua watu wakati ikikarabatiwa, nililia, lakini sikushangaa.

Kwenye soko, hata hivyo, msinambie kitu. La Bury ni Jumatano na Jumamosi: jibini, mboga, maua, vifuniko vya simu. Alasiri wanakunja mahema, mji unanyamaza. Nadhani wengi wanaokwenda hawana cha kununua, wanapenda tu kuwa nalo. Soko letu la Darajani, tangu 1904, mtu anakwenda kwa sababu mchana hana kitoweo. Bury kuna na jumba la michezo ya kuigiza la 1819 na baa ndogo ajabu ambayo wageni wanapigia foleni; mazuri, lakini hayo tusiyaonee wivu.

Ningekuwa na sauti huko nyumbani, ningeanza na mapaa. Sehemu ya kodi ya kila nyumba ya serikali ibaki kwa ajili ya paa la nyumba ile ile, na hesabu yake ibandikwe ukumbini, mlango unapofunguliwa tu, kila mpangaji aione anapoingia.