Rubani akipotea ardhini, asimame na aseme

Katika shule za urubani, saa nyingi huenda hewani. Mwanafunzi huruka na kutua mpaka achoke, hufundishwa injini ikizima afanye nini na akijikuta ndani ya mawingu atokeje. Mwendo wa ardhini, ule wa kutoka maegesho hadi barabara ya kurukia, huuonja wiki ya kwanza tu, kisha anahesabiwa kuwa keshaujua. Mimi nasema hajaujua. Anachojua ni uwanja mmoja, ule aliosomea. Siku atakapopelekwa kwenye uwanja wa watu, wenye viungio (njia za ardhini zinazounganisha maegesho na barabara ya kurukia) kumi na kitu vyenye majina ya herufi na namba, atakuwa mwanafunzi upya, na safari hii atakuwa amebeba abiria.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga haikutokea mawinguni. Ni ile ya Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, tarehe 27 Machi 1977, iliyochukua roho 583. Boeing 747 ya KLM ilikuwa inakimbia kuruka, wakati Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa bado kwenye barabara hiyohiyo, inatafuta kiungio cha kutokea. Ukungu ulikuwa mzito. Marubani wa Pan Am hawakupanga kuwa hapo: uwanja waliokuwa wakiuendea ulifungwa baada ya bomu kulipuka. Waliambiwa watokee kiungio cha tatu, na viungio vyenyewe havikuwa na alama.

Msimamo wangu ni huu: rubani asiyejua alipo asimame na aseme hajui, palepale, kwa sauti ya kawaida, bila kusubiri labda bango linalofuata litamsaidia. Na sisi wengine wote, waongoza ndege, makampuni, wakaguzi na walimu, tupange mambo yetu ili kusema huko kusimgharimu heshima yake.

Wapo wanaoamini kwamba rubani akirudia maelekezo ya mnarani, kwa waongoza ndege, sawasawa, mambo yameisha. Linate ilionyesha kwamba hayajaisha. Tarehe 8 Oktoba 2001 asubuhi, kwenye uwanja huo wa Milan, Italia, ndege ndogo aina ya Cessna Citation ilielekezwa iende upande wa kaskazini kwa kiungio R5. Rubani akarudia: R5. Kisha akashika R6, kinachoelekea kusini-mashariki na kukatiza barabara ya kurukia. Ukungu ulikuwa umetanda. Njiani akaripoti kwamba anakaribia S4, alama iliyochorwa chini. Mwongoza ndege hakuijua S4, maana haikuwa kwenye ramani alizokuwa nazo. Rubani alikuwa ametaja mahali alipo hasa, na aliyemsikia hakuwa na njia ya kupatambua. Rada ya ardhini ya zamani ilikuwa imeondolewa, na mpya haijaanza kazi. Cessna ikaingia barabarani wakati MD-87, ndege ya abiria ya shirika la SAS iliyokuwa ikielekea Copenhagen inanyanyua pua. Walikufa watu 118, wakiwemo wanne waliokuwa kwenye jengo la mizigo ambalo MD-87 ililigonga.

Kila nikiifikiria ajali hiyo, naishia kwenye dira. Mtu ameambiwa aende kaskazini, na mbele yake kipo chombo kinachomwonyesha kwamba anaenda kusini-mashariki. Simlaumu marehemu. Alikuwa kwenye ukungu, alama zimechakaa, mabango hayakutimiza viwango. Lakini ukungu hauzuii dira kufanya kazi. Kuitazama kila unapokata kona hakuhitaji fedha wala mtambo mpya, na bado ni wachache wanaofundishwa kufanya hivyo magurudumu yakiwa chini.

Nataka pia niwaeleze tukio ambalo halikuua mtu, kwa sababu naona tunajifunza zaidi kwa waliookoka. Tarehe 6 Desemba 1999, usiku, kwenye uwanja wa Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, Boeing 757 ya United ilitua salama. Kwa sababu ya ukungu ikapotea ilipokuwa ikielekea kituoni, ikakosa kona na kurudi kwenye barabara ileile iliyotumika kuruka. Marubani wakasema mnarani kwamba wapo kwenye barabara ya kurukia. Uwanja haukuwa na rada ya ardhini, na mwongoza ndege akashikilia kwamba hawapo huko. Ndege ya mizigo ya FedEx ikaruka ikapita karibu nao, waliisikia. Baada ya hapo ndege ya abiria ya MetroJet ikapewa ruhusa ya kuruka. Rubani wake alikuwa amesikiliza mazungumzo yote redioni. Akakataa. Akapewa tena, akakataa tena, akasema hataondoka mpaka United ifike kituoni.

Rubani huyo ndiye ninayetaka vijana wetu wamjue. Alikuwa na ruhusa halali mkononi, abiria wamekaa, ratiba inamsubiri, na aliyempa ruhusa ndiye mwenye mamlaka. Akaisikia hofu kwenye sauti ya mwenzake, akaipa uzito kuliko ruhusa. Huku kwetu, ambako kumbishia mkubwa huonekana ni kukosa adabu, hilo linataka mafunzo ya makusudi. Rubani msaidizi wa miaka 24 hawezi kulizua siku ya tukio. Lazima awe amelifanyia mazoezi, akiwa amekaa na kapteni anayemwita mzee, na mzee mwenyewe awe amemwambia mapema: ukiona sipo sawa, nizuie.

Wengi wetu tumekulia kwenye viwanja vya barabara moja. Jomo Kenyatta ina moja, Kilimanjaro ina moja, Zanzibar ina moja. Kwenye viwanja vya mbugani mara nyingi hakuna kiungio kinachokwenda sambamba: unaingia kwenye barabara yenyewe ya kurukia, unaifuata hadi mwisho, unageuza, unaondoka. Ni utaratibu halali, sina ugomvi nao. Tatizo ni mazoea yanayoachwa nyuma. Barabara ya kurukia inageuka kuwa mahali pa kupita. Mpeleke rubani huyo Johannesburg, penye mbili sambamba, au O'Hare ya Chicago, penye nane, na mazoea hayo yanakuwa hatari, kwa sababu kule unaweza kulazimika kuvuka moja ili uifikie nyingine. Marekani wenyewe walilibadilisha hili. Zamani, ukiambiwa nenda barabara fulani, ilihesabika umeruhusiwa kuvuka nyingine zilizo njiani. Tangu tarehe 30 Juni 2010 kila barabara inahitaji ruhusa yake, yenye jina lake. Ushauri wangu ni kuishi kwa kanuni hiyo popote ulipo, hata pale ambapo sheria ya nchi ni legevu zaidi: kama hukusikia jina la barabara hiyo na neno la kuvuka, huvuki.

Maandalizi yafanyike kabla ya injini kuwaka, au kabla ya kuanza kushuka kama unawasili. Toa mchoro wa uwanja. Tafuta yale maduara yanayoonyesha sehemu ambazo wenzako wamekuwa wakipotea. Kisie utapewa njia gani na uifuate kwa kidole huku ukiwaza bango la kwanza litakuwa upande gani. Maelekezo yakija, yaandike. Soma notisi za siku hiyo, kwa sababu uwanja unaoujua hugeuka mgeni pale kiungio kimoja kinapofungwa kwa ujenzi. Lexington, Kentucky, tarehe 27 Agosti 2006, njia ya ardhini ilikuwa imebadilishwa na ujenzi, na michoro waliyokuwa nayo marubani wa shirika la Comair haikulingana na hali halisi. Walikuwa wanapiga soga zisizohusu kazi wakati ndege inatembea. Wakaingia barabara 26 badala ya 22, yenye takriban nusu ya urefu wa hiyo 22. Rubani msaidizi akasema ni ajabu hakuna taa. Kapteni akaitikia, wakaendelea. Watu 49 walikufa. Msaidizi huyo peke yake alipona. Namba zile ni za dira: 22 ni takriban nyuzi 220, 26 ni takriban nyuzi 260. Hapa tena chombo kilikuwa mbele yao.

Kuhusu alama, nitasema zile ninazoziona zikichanganywa. Mstari wa kusubiri ni mistari minne ya njano, miwili mizima na miwili ya vipande. Ukiikuta mizima kwanza, barabara ya kurukia iko mbele yako: simama, hata kama hukutarajia kuikuta hapo. Ukikuta ya vipande kwanza, wewe unatoka. Endelea mpaka mkia wako wote uvuke, ndipo usimame kuuliza unakokwenda. Bango jekundu lenye maandishi meupe ni amri. Jeusi lenye maandishi ya njano linakuambia ulipo, na aliyechanganyikiwa alitafute hilo kwanza. La njano lenye maandishi meusi ni la kuonyesha uelekeo.

Kuna jambo moja ambalo kusimama hakulitoshi. Ukihisi umesimama juu ya barabara ya kurukia, usinyamaze ukitafakari. Liseme hapohapo, na kama unaona njia ya kutoka, toka. Na ukiwa mgeni, mwambie mwongoza ndege tangu mwanzo kwamba wewe ni mgeni na unaomba uelekezwe hatua kwa hatua. Sijawahi kumsikia mwongoza ndege mzuri akichukia ombi hilo. Linampunguzia kazi.

Lakini sikubali mzigo wote uwe wa rubani. Nimetua kwenye viwanja ambavyo mstari wa njano umefifia kiasi kwamba mvua ikinyesha hauonekani, na bango la kiungio limefunikwa na majani. Rangi ni bei nafuu ukilinganisha na chochote kingine kinachojengwa uwanjani, na ningetaka wasimamizi wa viwanja waulizwe habari za rangi kabla ya kuulizwa habari za ukumbi wa abiria mashuhuri. Makampuni nayo yaache kumwandikia kapteni barua ya kujieleza kwa sababu ya dakika tano alizopoteza akiuliza njia.

Na kwenye mtihani wa leseni, ningeongeza zoezi moja. Mkaguzi ampeleke mwanafunzi kwenye uwanja asioufahamu na, bila kumweleza, apange na mnara ampe maelekezo yenye kiungio ambacho hakipo kwenye mchoro wake. Mwanafunzi atakayekisia na kuendelea, arudi kusoma. Atakayevuta breki, akabonyeza kitufe cha redio na kusema hajui hapo ni wapi, apewe alama zote za sehemu hiyo, na zoezi liendelee.