Mkojo wa Manjano Si Sumu Inayotoka

Juma lililopita wifi yangu alinitembelea hapa Mwanga, mjini Kigoma, akiwa na makopo matatu ya virutubisho mkobani na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa muda mrefu. Ganzi na miguu kuwaka moto vilikuwa vimempeleka kupimwa. Alishikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache mashine ikatoa kurasa nyingi zinazoeleza hali ya ini lake, figo zake, mifupa yake na hata ubongo wake, bila tone moja la damu kutolewa. Ikaonekana kwamba amepungukiwa karibu kila vitamini iliyopata kupewa herufi, na tiba yake, kwa bahati njema kabisa, ilikuwa kwenye rafu iliyo nyuma ya mpimaji, anayejiita mshauri, kila kopo kwa shilingi 60,000. Akaniambia kwamba dawa tayari imeanza kazi, kwa kuwa mkojo wake umekuwa wa manjano ya kung'aa, na mshauri amemweleza kuwa hiyo ndiyo sumu inayotoka.

Manjano yale ni vitamini B2. Rangi yake ndiyo hiyo kwa asili, na mwili ukishachukua kiasi unachokihitaji, figo hukitoa kinachobaki. Wifi yangu alikuwa akizitazama fedha zake zikienda chooni, na mtu aliyevaa tai alikuwa amemfundisha kushangilia.

Hasira yangu ina historia. Mimi mwenyewe ninaishi na faibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima yasiyokwisha, na kabla ya kulisikia jina hilo nilitibiwa malaria isiyoonekana kwenye kipimo, nikatibiwa taifodi, nikaambiwa ni baridi yabisi, nikameza diklofenaki, dawa ya maumivu, mpaka tumbo likaungua, na shangazi yangu wa Ujiji akahitimisha kwamba nimetupiwa jambo. Kila kipimo kilirudi safi. Siku moja niliambiwa mbele ya foleni nzima, "Mama, wewe huna kitu," nikarudi nyumbani na mwili unaouma kuanzia shingoni hadi nyayoni, nikiwa na aibu ya kuumwa bila ushahidi. Ugonjwa huu hauonekani katika damu wala katika picha ya eksirei. Mwaka 1990 mabingwa wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili, anayeumia katika sehemu 11 akahesabiwa kuwa nao, na mwaka 2010 wakaleta utaratibu mwingine unaouliza pia kuhusu uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu. Yote hayo yanamtaka daktari aulize maswali na kungoja majibu, na hapo ndipo muuza makopo anapotushinda. Alimkalisha wifi kwenye kiti chenye mto, akamuuliza analalaje, akamsikiliza karibu saa nzima. Nani kati yetu amewahi kusikilizwa saa nzima kwenye chumba cha daktari? Wanaowacheka wanawake wanaonunua makopo haya wangekaa kwanza kwenye foleni zetu.

Hata hivyo, kusikilizwa hakumgeuzi mwuzaji kuwa mkweli. Vitamini huponya upungufu wa vitamini, na mtu asiye na upungufu hapati nguvu ya ziada kwa kumeza zaidi, kama vile taa isivyowaka zaidi kwa kumwagiwa mafuta juu ya tangi lililojaa. Nililigeuza kopo la kwanza nikasoma maandishi madogo, nikakuta B6, nikaligeuza la pili, nikakuta B6 tena, na la tatu vilevile. B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili zake ni ganzi na miguu kuwaka moto, yaani yale yale malalamiko yaliyompeleka wifi kwa mshauri! Atakaporudi kulalamika kwamba miguu inawaka zaidi, ataambiwa sumu bado ni nyingi, aongeze kopo. Sijui kama kuna biashara nyingine mjini hapa inayojizalishia wateja kwa ustadi wa namna hiyo. Vitamini D nayo, ambayo mwili huihifadhi kwenye mafuta badala ya kuitoa kwa mkojo, ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, na figo ndizo zinazolipa gharama.

Na haya yanauzwa Kigoma, ambako jua halituachi mwaka mzima, mawese yetu ni mekundu kwa sababu yamejaa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na dagaa tunaowala na mifupa yao wana kalsiamu na B12 bila tai wala kompyuta.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaohitaji vidonge au sindano kwa haki. Mwenye kisukari aliyetumia metfomini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, na ganzi yake ikapungua akitibiwa. Mtu anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili wote anapotoka, anaweza kukosa vitamini D, na upungufu huo huleta maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli unaofanana mno na ugonjwa wetu. Lakini hilo hujulikana kwa damu kupimwa maabara, si kwa kushika chuma.

Hijama sina ugomvi nayo, ilimradi wembe ni mpya. Kuchuliwa kunanifariji kwa siku moja au mbili. Kuhusu miti shamba ya kila aina nitasema tu kwamba mwaka 2011 jirani yetu alisafiri kutoka huku hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, yule mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500, na nauli ndiyo iliyomfilisi.

Kilichonisaidia mimi hakiuziki kwenye kopo, ndiyo maana hakina mshauri. Mwaka 2016 mabingwa wa Ulaya walipopitia tiba zote za faibromialjia, moja tu waliipendekeza kwa nguvu, nayo ni mazoezi. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilitaka kumzaba daktari kofi, kwa maana mtu ambaye hawezi kusonga ugali unamwambiaje akafanye mazoezi? Nilianza kwa kutembea hadi kona ya barabara na kurudi, na kwa wiki mbili za mwanzo maumivu yalizidi. Sasa ninafika mbali kwenye njia ya Ujiji kabla jua halijapanda. Usiku ninatumia amitriptilini kidogo niliyoandikiwa na daktari, dawa ya zamani na ya bei nafuu, nami hulala. Maumivu yapo. Ila kuna siku ninayasahau hadi adhuhuri.

Wifi ameahidi kutembea nami kuanzia Jumatatu na kwenda kupima damu mwisho wa mwezi. Makopo mawili ameyaweka kando. La tatu amekataa katakata kuliacha, kwa kuwa ni la shilingi 60,000 na lilishafunguliwa. Nilitaka kubishana naye, kisha akaitazama chupa ya mafuta ya habasoda iliyo juu ya kabati langu, iliyobaki nusu, nami nikaenda kuchemsha chai.