Kompyuta Nyepesi, Begi Zito

Wiki mbili zilizopita nilisimama mbele ya watu 23 katika ukumbi wa ofisi moja ya wilaya, kusini mwa nchi, nikiwa na kompyuta mpakato mpya kabisa yenye uzito wa kilo 1.2, wasilisho la kurasa 40, na aibu. Projekta ilikuwa mezani, imewashwa, inanguruma, na kutoka mgongoni mwake ulining'inia waya mnene wenye kichwa cha buluu cha VGA, ule wa kizamani wa kupeleka picha kwenye skrini. Kompyuta yangu ina matundu mawili tu, yote ya USB-C, membamba kama mikato ya wembe. Adapta niliyokuwa nimeibeba kwa kujiamini ilikuwa ya HDMI, waya wa picha wa kisasa zaidi, usioingiliana na VGA.

Ofisa TEHAMA, kijana mwenye adabu, aliichukua kompyuta akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo la maziwa. "Kaka," aliniuliza kwa upole uliozidi kuniumiza, "hii matundu yake yako wapi?" Wajumbe walicheka. Mama mmoja wa masijala ndiye aliyeniokoa: "Mwanangu, si uazime ya mhasibu tu?" Ikaletwa ya mhasibu, nene kama kamusi, bawaba moja imefungwa kwa gundi ya karatasi, na ubavuni mwake ilikuwa na kila tundu ambalo binadamu amewahi kulihitaji. Nikapewa flashi ili nihamishe faili. Flashi nayo, yenye kichwa kipana cha USB ya kawaida, haikuingia kwangu. Ilibidi niwashe intaneti ya simu, nijitumie faili kwa barua pepe, kisha niifungue kwenye mashine ya mhasibu, na shughuli hiyo ilikula nusu saa ya watu 23 ambao wengine walikuwa wamepanda basi tangu alfajiri.

Sasa naomba nieleweke. Sina ugomvi na maendeleo. Ugomvi wangu ni na neno "nyepesi" kama linavyotumiwa na wauzaji, na kama linavyoaminiwa na wale wanaotununulia vifaa vya safari bila wao wenyewe kusafiri. Mtengenezaji hupima kompyuta ikiwa peke yake, uchi, kana kwamba msafiri huibeba kwapani kama gazeti. Msafiri hubeba begi, na begi ndilo linalopaswa kupimwa.

Niliporudi Dar es Salaam nililipima. Nilikwenda kwa muuza dagaa wa mtaani kwetu, nikaomba mizani yake, nikatandika gazeti safi, nikaweka kitu kimoja kimoja huku wateja wake wakinitazama kwa huruma. Kompyuta: kilo 1.2, kweli hawakudanganya. Chaja na waya wake: gramu 300. Kijisanduku cha kuongezea matundu, ambacho sasa sitoki nyumbani bila hicho: gramu 150. Adapta ya VGA niliyoinunua Kariakoo kwa hasira: 50. Diski ya nje, kwa kuwa hifadhi ya ndani ni finyu na mafaili ya ukaguzi ni mengi: 200. Kipanya: 100. Pawabanki ya simu: 600, maana simu ndiyo intaneti yangu, na tundu moja la kompyuta likishikwa na chaja na jingine likishikwa na kijisanduku, sitaki tena kuongeza waya wa simu kwenye huo msongamano. Jumla ni kilo 2.6. Kisha nikaweka ile kompyuta yangu ya zamani, ambayo vijana wa ofisini huiita tofali, pamoja na chaja yake. Kilo 2.7, na haihitaji kingine chochote.

Nimeokoa gramu 100. Muuza dagaa alinionyesha ni kiasi gani: kitunguu kimoja.

Wapo watakaosema kosa ni la projekta, kwamba VGA ni teknolojia ya mwaka 1987 iliyoletwa na IBM na ilipaswa kuzikwa zamani. Sikatai. Lakini mimi sikutumwa wilayani kwenda kuzika teknolojia. Nilitumwa kuwasilisha taarifa ya hesabu mahali ambapo projekta haibadilishwi kwa sababu bado inawaka, na ambapo nyaraka hukabidhiwa kwa flashi, kwa mkono, ikiwa na virusi vyake na yote. Chombo cha safari huchaguliwa kwa kuangalia kule kinakokwenda. Hakuna anayepeleka gari la chini Tunduru wakati wa masika kwa hoja kwamba barabara ndiyo yenye makosa.

Uanamitindo huu tunajua ulikoanzia. Mwezi Januari 2008 Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani akaichomoa MacBook Air kutoka kwenye bahasha ya ofisini, na tangu siku ile kila mtengenezaji amekuwa akikimbizana na bahasha. Mashine ile ilikuwa na tundu moja tu la USB. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo ikatoa nyingine ya gramu 920 yenye tundu moja la USB-C, tundu ambalo ndilo la umeme na ndilo la kila kitu, yaani uchague kati ya kuchaji na kufanya kazi. Mwaka 2016 wakaondoa HDMI na nafasi ya kadi hata kwenye MacBook Pro, ambayo ni mashine ya watu wa kazi, na mwaka 2021 wakavirudisha vyote viwili, bila kuomba radhi, vikapokewa kama uvumbuzi. Angalau walivirudisha. Wengine bado wanachonga.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba kompyuta hii ina raha zake. Juzi niliitumia kwenye treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nikafanya kazi safari nzima bila kutafuta umeme, nikashuka betri ikiwa zaidi ya nusu, jambo ambalo tofali langu lisingeweza hata kufika nalo Morogoro. Haipigi kelele wala haichomi mapaja. Kwenye bodaboda mgongo unashukuru, mradi vile vitu vingine vyote umeviacha hotelini. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma barua pepe na kuhudhuria mikutano kwenye hoteli za kifahari, sina neno.

Lakini kuna jambo moja haliwekwi kwenye tangazo, nalo ni ugumu wa kuitengeneza. Ili iwe nyembamba hivi, kumbukumbu (RAM) imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Ile ya zamani niliiongezea RAM mwenyewe kwa bisibisi, na iliwahi kufa Songea ikafufuliwa siku hiyohiyo na fundi wa simu aliyebadilisha diski kwa kutumia spea ya mashine nyingine. Nilimwonyesha fundi wangu wa Dar es Salaam hii mpya. Aliitazama skrubu zake zenye vichwa vya nyota, akanirudishia. "Hii, mzee, iombee tu."

Kibodi yake ni sawa na kuchapa juu ya meza. Tuliache hilo.

Jumatatu niliandika barua rasmi kwa mtu wa manunuzi, nikieleza kwamba kwa sisi tunaozunguka mikoani ni heri kompyuta ya kilo 1.6 au hata 1.8 yenye HDMI, matundu mawili ya USB ya kawaida, tundu la waya wa mtandao na kumbukumbu inayoweza kuongezwa. Nikaambatanisha orodha ya vipimo vya muuza dagaa, jedwali kamili, kila kitu na gramu zake. Majibu yalikuja jana kabla ya chakula cha mchana. Ameshukuru kwa maoni, amesema awamu ijayo ya kompyuta itakuwa nyepesi zaidi, na ameomba nimjulishe mapema kama napendelea rangi ya fedha au ya kijivu.