Miaka Unayompunguzia Mtoto Ndiyo Atakayoisubiri

Huku Norwei, mtoto akizaliwa, hospitali yenyewe ndiyo inayopeleka taarifa serikalini, na kabla wazazi hawajakubaliana hata jina, mtoto ameshapata namba yake ya tarakimu 11. Tarakimu sita za mwanzo ni siku, mwezi na mwaka aliozaliwa. Namba hiyo ndiyo ya kliniki, ya shule na ya benki. Akifika miaka sita akaanza kucheza mpira wa watatu kwa watatu mtaani kwao, namba ni ile ile. Kocha hana haja ya kumuuliza mama umri wa mwanawe.

Kwetu umri unatafutwa siku unapohitajika. Mwalimu wa michezo anapojaza fomu za UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, mtoto anapewa umri unaotoshana na mashindano. Akiitwa timu ya mkoa, anapewa mwingine. Siku ya kuomba pasipoti ndipo familia inakaa chini kuulizana: tuandike upi?

Nalileta hili kwa sababu nyumbani nasikia lawama moja kila dirisha la usajili linapofunguliwa: eti FIFA inawabania vijana wetu kwa kuzuia wasisajiliwe nje kabla ya miaka 18. Mimi naona kanuni hiyo si adui wa kijana wa Temeke, Kisumu au Lubumbashi. Anayemwangusha ni aliyemchezea umri akiwa darasa la tano.

Tuanze na kanuni yenyewe. Ni kanuni ya 19 katika kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, na ulinzi huu wa watoto uliingia mwaka 2001. Inasema uhamisho wa kimataifa ni kwa mchezaji aliyetimiza miaka 18. Milango ya pembeni ipo, lakini ni michache: wazazi wamehamia nchi ya klabu kwa sababu zisizohusiana na mpira, mchezaji anaishi karibu na mpaka, yaani yeye na klabu kila mmoja yuko ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, mtoto ni mkimbizi, au ni mwanafunzi wa kubadilishana. Halafu kuna mlango wa Ulaya: ndani ya Umoja wa Ulaya na nchi zilizoungana nao kiuchumi, kijana wa miaka 16 hadi 18 anaruhusiwa kuhama, ilimradi klabu mpya impe mafunzo ya mpira, masomo, makazi mazuri na mtu maalumu wa kumwangalia.

Ndiyo maana Martin Ødegaard, aliyeichezea timu ya taifa ya Norwei Agosti 2014 akiwa na miaka 15, aliweza kwenda Real Madrid Januari 2015, mwezi mmoja tu baada ya kutimiza 16. Kijana wa kwetu mwenye kipaji kile kile angengoja miaka miwili zaidi. Hapo pana upendeleo wa wazi na sioni haya kuusema. Lakini kumbukeni kanuni ilikotoka: watoto wa Kiafrika walipelekwa Ulaya kwa majaribio, wakashindwa, wakaachwa mitaani bila nauli ya kurudi. Na haizibani klabu ndogo pekee. Barcelona walifungiwa kusajili mwaka 2014, Real Madrid na Atlético Madrid 2016, Chelsea 2019, wote kwa makosa ya kusajili watoto.

Tena 18 si kuchelewa. Mbwana Samatta wa Tanzania alijiunga na TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akafika Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na 23, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa.

Sasa tupige hesabu ya umri uliopunguzwa. Chukua kijana aliyezaliwa Machi 2005, akaandikishwa Machi 2008 ili acheze na wadogo. Kwa umri wake wa kweli, mlango wa nje ulifunguka Machi 2023. FIFA hawausomi mwili wake, wanasoma karatasi, na kwa karatasi mlango unafunguka Machi 2026. Siku hiyo mwili una miaka 21. Ile miaka mitatu aliyopunguziwa ndiyo aliyokaa benchi la kungojea. Akifika huko anapimwa kama kijana wa miaka 18 ambaye bado atakua, kocha anasubiri kimo na kasi viongezeke, haviongezeki, kwa kuwa kukua kulikwisha zamani. Mkataba hauongezwi. Wengi wetu tunamaliza kwa kusema kijana alibweteka.

Hapo bado hujafika kwenye MRI, kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku. Tangu Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009 kule Nigeria, wavulana hupigwa picha ya kifundo cha mkono, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nao wanaitumia katika mashindano ya U-17. Kinachoangaliwa ni ncha ya mfupa mkubwa wa kigasha, pale karibu na kiganja, palipo na tabaka la gegedu ambalo ndilo mfupa unakulia. Kadiri kijana anavyokomaa tabaka linazidi kuwa jembamba, mwisho mfupa unafunga kabisa. Madaktari wanaupanga ufungaji huo kwa ngazi sita, na anayeonekana ngazi ya sita, mfupa umefunga wote, anaondolewa. Katika utafiti uliotumika kuweka kipimo hiki, wavulana walio chini ya miaka 17 wenye mfupa uliofunga kabisa hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Kipimo hakitaji umri, kinasema tu huyu amevuka. Ni MRI wala si eksirei, hivyo mtoto hapigwi mionzi. Kufunga mkono kwa bandeji, kunywa dawa za mitishamba, kukesha ukiuchua kwa maji ya moto, hakuna hata kimoja kinachofungua mfupa uliokwisha kufunga.

Tanzania tumeyaona haya kwa pande zote mbili. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, walikwenda fainali za Afrika Gabon mwaka 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa suala la umri wa mchezaji mmoja. Mwaka 2019 fainali zikachezwa Dar es Salaam. Guinea wakafika fainali, kisha wakafutwa na kupoteza nafasi ya Kombe la Dunia, ikachukuliwa na Senegal. Wachezaji wawili walikutwa na tarehe za kuzaliwa zisizolingana na zile walizotumia awali kwenye mashindano Japani. Hapo aliyewafichua hakuwa mfupa. Ni karatasi za safari ya nyuma, na karatasi za namna hiyo kila mwaka zinazidi kuwekwa kwenye kompyuta.

Kwa nini huku Norwei vijeba, yaani wachezaji waliopita umri wa mashindano, si tatizo kama kwetu? Namba ya kuzaliwa ni sababu moja. Sababu ya pili, ninayoiona kubwa zaidi, ni kwamba hakuna anachopata mtu mzima kwa kudanganya. Kanuni za michezo ya watoto za Norwei haziruhusu msimamo wa ligi wala kupanga washindi mpaka mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa hauruhusiwi mpaka mwaka wa 13. Timu ya watoto wa miaka tisa inashinda mabao kumi, watoto wanakula soseji, wanarudi nyumbani, hakuna anayeandika. Kwetu kombe la watoto ni la mwalimu mkuu, la diwani, la mfadhili wa ndondo. Anayelitaka kombe ni mtu mzima, na njia nyepesi ya kulipata ni kuingiza kijana wa miaka 17 kwenye timu ya 14. Tukisubiri teknolojia itutibie hili tutasubiri sana. Yaondoleni makombe ya chini ya miaka 12, mtaona fomu zinavyonyooka.

Kuna na fedha ambazo klabu zetu ndogo zinaziacha mezani. FIFA inaweka asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa wenye ada kwa ajili ya klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23. Mwaka mmoja wa malezi kati ya 12 na 15 unalipa asilimia 0.25 ya ada, na kati ya 16 na 23 asilimia 0.5. Kijana akiuzwa kwa euro 1,000,000, klabu ya mtaani iliyokuwa naye kuanzia 13 hadi 18 inapata 2,500 mara tatu na 5,000 mara tatu, jumla euro 22,500. Hiyo ni mbali na fidia ya mafunzo, inayolipwa anaposajiliwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Kwa klabu ya Ulaya ya kundi la juu fidia ni euro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi kuanzia 16, na 10,000 kwa mwaka wa 12 hadi 15.

Sharti ni moja: mtoto awe amesajiliwa. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, na mfumo unajenga pasipoti ya mchezaji kutokana na usajili uliomo kwenye kompyuta za vyama vya taifa. Pasipoti hiyo ikishatoka, vyama vinapewa siku 10 kuikagua na kuomba klabu iliyosahaulika iingizwe. Klabu ya mchangani iliyomfundisha kijana miaka sita bila kumwandikisha TFF au FKF, vyama vya mpira vya Tanzania na Kenya, haionekani popote. Na klabu iliyomwandikisha kwa umri wa uongo imejichanganyia hesabu, maana miaka ya malezi huhesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa. Klabu iwe pia na akaunti ya benki kwa jina la klabu, si la mwenyekiti, vinginevyo fedha haipiti ukaguzi.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kadi ya kliniki. Tanzania, mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013. Akishavuka hapo, utaratibu unazidi kuwa mrefu: RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wanataka tangazo la kizazi au kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo ikiwa kipo, vyeti vya shule, na mara nyingi kiapo. Kinachokwamisha zaidi si tarehe, ni majina. Kadi inasema Juma Ally, shule inasema Juma Ali Hassan, cheti kinasema Jumaa. Mtu wa ubalozini akiona majina matatu anahesabu watoto watatu. Chagueni majina matatu na tahajia moja siku ya kwanza, mwambieni na mwalimu wa darasa la kwanza ayaandike hivyo hivyo.

Kuhusu mawakala, mzazi ajue mambo machache. Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu, hata kama baba amesaini wa mitano. Tangu Mei 2015 ni marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya ada ya mchezaji, kwa hiyo karatasi ya "nusu ya mauzo ni yangu" haina nguvu mbele ya FIFA. Wakala mwenye leseni haruhusiwi kumfuata mtoto mpaka ibaki miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na lazima mzazi au mlezi akubali kwa maandishi. Na yeyote anayeomba fedha ya viza ili mtoto wa miaka 15 kutoka Mwanza "akasaini" Ulaya bila wazazi anaomba fedha ya kitu kisichokuwepo.

Ndugu zangu mlioko huku, kuna jambo moja linawapata wengi. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Anakuja, anakaa kwako, anasoma, hakuna anayeshangaa. Lakini kanuni ya 19 inasema wazazi, maana yake baba na mama, na barua ya ulezi kutoka serikali ya mtaa haitoshi. Mpwa huyo anaweza kufanya mazoezi na wenzake msimu mzima, siku ya kadi ya mechi anaambiwa subiri. Akiwa hajawahi kusajiliwa popote na ameishi huku mfululizo miaka mitano, kizuizi hiki hakimhusu. Klabu za ridhaa katika nchi zilizopewa ruhusa maalumu zina njia nyepesi zaidi, lakini klabu yenye timu ya kulipwa haina. Na kama ana miaka 10 au zaidi na aliwahi kusajiliwa nyumbani, lazima iombwe hati ya uhamisho ya kimataifa, ITC, kutoka chama cha nyumbani.

Kwa mtoto wenu wa kumzaa, klabu itaomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti zenu na yake, kibali cha kuishi, mkataba wa kazi wa mzazi unaoonyesha mlihamia kwa ajili ya kazi, na maelezo yenu yaliyosainiwa. Mkataba uwe na tarehe ya kabla mtoto hajaonana na klabu. Vyeti vya nyumbani vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na jina la baba kwenye cheti cha mtoto liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti yake.